Picha ya zamani, hofu mpya

Juzi kwenye kundi letu la familia la WhatsApp iliingia picha ya daraja lililobomoka, na maneno: "Imetokea asubuhi hii, sambaza kabla hawajaifuta!" Juu yake vile vimishale viwili, yaani imeshapita mikono mingi. Shangazi akaanza kumpigia mwanawe aliye safarini. Simu haikupatikana, akaanza kulia.

Nikaitafuta picha ile mtandaoni. Ilikuwa ya miaka mingi nyuma, tena ya nchi nyingine kabisa.

Imeniuma sana. Mtu asiyemjua shangazi yangu amemliza bure! Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha uchunguzi wao kuhusu Twitter: uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa upya ulikuwa mkubwa kwa asilimia 70 kuliko wa habari ya kweli, na waliochochea tofauti hiyo ni watu, si roboti (akaunti zinazoendeshwa na kompyuta). Ni sisi hawa hawa. Zamani habari ilipita kwanza kwa mhariri (naye alikosea mara nyingine, sikatai), sasa kila mwenye simu ni mhariri.

Ndugu zangu, ujumbe ukikuharakisha kusambaza, usisambaze. Shangazi nimeshamwonyesha namna ya kutafuta picha ilikotoka, na tayari kaanza kuwauliza wenzake kundini: "Hii mmeitoa wapi?"