Brunchi ya Jumapili na mkate uliolala

Jumapili hii tumekula brunchi, kile chakula cha kati ya asubuhi na mchana, kwenye bistro ya mtaani kwetu hapa Montreal, Plateau, si mbali na stesheni ya metro ya Mont-Royal, na tangu nitoke pale moyo umetulia nikasema lazima niandike. Ni pahali padogo, meza zimebanana, menyu ni ubao wa chaki ukutani, na ukifika saa nne na nusu kama sisi utapanga foleni nje, tulisimama nusu saa mikono mifukoni.

Nilikuwa na rafiki yangu wa Bujumbura. Yeye Kifaransa kakua nacho, mi nimesomea Mombasa darasani, huko nikafundishwa déjeuner ni chakula cha mchana, kumbe hapa Quebec, jimbo la Montreal, déjeuner ndo chai ya asubuhi, siku hizi mtu akinialika namuuliza saa kabisa.

Mi niliagiza croque-madame, nikaomba wasitie nyama ya nguruwe, dada anayehudumia akasema hamna shida watanitilia uyoga. Ikaja: slesi mbili, katikati uyoga na béchamel, ile sosi nzito ya maziwa, juu jibini ya gruyère imechomwa mpaka imefanya ukoko, halafu yai la macho. Hilo yai ndo linaifanya madame, bila yai ni croque-monsieur. Nilipotoboa kiini kikateremka taratibu juu ya ukoko hadi kwenye sahani, na mi nikanyamaza kabisa.

Lakini kilichonigusa ni sahani ya mwenzangu. Yeye alitaka pain perdu, maana yake mkate uliopotea, yaani mkate uliokauka unaloweshwa kwenye maziwa na mayai na sukari kidogo kisha unakaangwa kwa siagi. Nilionja kipande kimoja nikawa Mombasa saa hiyohiyo. Kwetu boflo ikilala siku mbili mamangu haitupi, ataikata, ataichovya kwenye mayai na tui la nazi na iliki, atukaangie asubuhi kabla hatujaenda chuoni. Na mkate mkavu ndo wenyewe, ule mpya ukiulowesha unakuvunjikia mkononi, mkavu unanyonya na bado unasimama. Juu wamemimina shira ya mti wa mepo (maple), na shira hii ina kazi jamani, mti unagemwa mwisho wa baridi kama tunavyogema mnazi, halafu maji yake yanachemshwa weee, lita 40 hivi mpaka upate lita moja.

Bei si ya kila wiki, nasema ukweli. Kodi ni mbili, 5% ya Kanada na 9.975% ya Quebec, bado bakshishi, wengi huacha 15% au zaidi, ila tangu Mei 2025 mashine ya kadi inatakiwa ihesabu bakshishi kwenye bei kabla ya kodi na hilo limesaidia. Yule dada nilimwachia kwa moyo mmoja, maana nje watu wanangoja na yeye hakutuharakisha, alitujazia kahawa mara mbili tukaendelea na mazungumzo yetu.

Jioni nikampigia mamangu nikamhadithia. Akauliza, "Wametia iliki?" Nikamwambia hapana, vanila. "Basi tia wewe, mwanangu, na tui lisiwe jepesi." Nina nusu baguette, ule mkate mrefu wa Kifaransa, juu ya friji inakauka tangu Ijumaa, na kopo la tui nishanunua.