Vifuniko vya Proteasi ya VVU na Kile Ambacho Picha ya Fuwele Haionyeshi

Wanafunzi wa famasia ninaowafundisha biokemia hapa Dodoma huifahamu proteasi ya VVU, yaani kimeng'enya kinachokata protini za virusi hivyo ili vikomae, kwa picha moja tu: kimeng'enya kimejifunga, dawa iko katikati, na kila atomu imetulia mahali pake. Picha hiyo ni sahihi, lakini anayeishia hapo hawezi kuelewa vizuri kwa nini mgonjwa atakayemhudumia kesho katika kliniki ya CTC (ya matunzo na tiba ya VVU) kule Kongwa au Mpwapwa, anayetumia atazanaviri au lopinaviri, dawa zinazozuia kimeng'enya hiki, katika tiba ya mstari wa pili (inayotolewa dawa za kwanza zikishindwa), anaweza kufika mahali dawa hiyo ikaacha kumfaa. Sehemu kubwa ya jibu imo katika mwendo wa kimeng'enya.

Proteasi hii ni ndogo. Imeundwa kwa minyororo miwili inayofanana kabisa, kila mmoja ukiwa na asidi amino 99 (vipande vinavyojenga protini, ambavyo huhesabiwa kwa namba kuanzia mwanzo wa mnyororo), na hakuna unaoweza kufanya kazi peke yake, kwa kuwa mahali pa kukatia protini hupatikana pale minyororo hiyo inapokutana: kila mmoja hutoa asidi aspatiki yake ya namba 25, na hizo mbili kwa pamoja huiandaa molekuli ya maji ivunje kifungo cha peptidi, kile kinachounganisha asidi amino. Miisho ya minyororo husukana upande wa chini na kuushikilia muungano. Juu ya bonde la kukatia kuna vifuniko viwili, kimoja kutoka kila mnyororo, na ncha zake, karibu na asidi amino iitwayo isolusini namba 50, huchezacheza kuliko sehemu nyingine yoyote.

Mwaka 1989 ndio uliofungua fani hii. Ulichapishwa muundo wa fuwele (umbo la protini linalopatikana kwa kupitisha miale ya eksirei kwenye fuwele zake) wa proteasi ya virusi vya sarkoma ya Rous, ambavyo huwapa kuku saratani. Ukachapishwa wa proteasi ya VVU kutoka kwa watafiti wa kampuni ya Merck. Kisha ukafuata ule wa Alexander Wlodawer na wenzake, waliotumia protini iliyotengenezwa kwa njia ya kemia na kurekebisha jinsi miisho ya minyororo ilivyokuwa imechorwa. Katika proteasi ya Rous, ncha za vifuniko hazikuonekana wazi. Kwangu hilo ni miongoni mwa mambo yenye mafunzo makubwa katika habari hii yote, kwa sababu miale ya eksirei hutoa wastani wa molekuli nyingi mno zilizopangwa ndani ya fuwele, na sehemu isiyokaa mahali pamoja hufifia katika wastani huo.

Mwaka huohuo ulipatikana pia muundo wa proteasi ya VVU ikiwa imeshikamana na kizuizi, yaani molekuli inayokizuia kimeng'enya kama dawa zifanyavyo, na hapo ndipo ulinganisho ulipowezekana. Bila kizuizi, vifuniko huwa vimeachama nusu; kizuizi kikiingia, ncha zake husogea hadi kiasi cha nanomita 0.7, vikakifunika, na molekuli moja ya maji ikakaa kati yake na kizuizi, ikivishika vyote kwa vifungo vya haidrojeni. Hata hivyo, uwazi huo wa nusu ni mwembamba mno kupitisha mnyororo mrefu wa protini ya virusi, hivyo ni lazima vifuniko vifunguke zaidi kuliko vinavyoonekana katika fuwele nyingi. Vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini (NMR), vinavyofanywa protini ikiwa ndani ya maji, vilithibitisha mwendo huo. Nawasihi wanafunzi wakumbuke pia kwamba ndani ya fuwele molekuli jirani hubanana, na jirani anaweza kukishikilia kifuniko katika mkao ambao si wa kudumu.

Sasa turudi kwa mgonjwa. Mabadiliko mengine ya asidi amino yanayoleta usugu kwa dawa ni rahisi kuyaeleza: valini namba 82 ikigeuka alanini, ukuta wa bonde hupungua na dawa hukosa mahali pa kuegemea. Lakini lusini namba 90 haigusi dawa kabisa, na isolusini namba 54 iko kwenye kifuniko bila kuigusa dawa moja kwa moja. Hata hivyo, mabadiliko ya zote mbili huleta usugu. Kinachobadilika ni uwiano kati ya kufunguka na kufunga, pamoja na mpangilio wa sehemu za ndani, kiasi kwamba dawa huachiliwa upesi zaidi huku kimeng'enya kikiendelea kukata protini zake vya kutosha ili virusi vikomae. Mwanafunzi anayetafuta tu asidi amino inayoigusa dawa ataipita lusini 90 bila kuiona.

Darunaviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 na ambayo kwetu hutumika katika mstari wa tatu, imenufaika na uelewa huu. Hushikamana kwa nguvu na atomu za uti wa mnyororo (sehemu iliyo sawa katika asidi amino zote) kwenye asidi aspatiki namba 29 na 30, na uti huo haubadiliki kirahisi hata minyororo ya pembeni, ile inayotofautisha asidi amino moja na nyingine, ikibadilika. Virusi bado vinaweza kuishinda, lakini kwa kawaida huhitaji kukusanya mabadiliko kadhaa, na baadhi yake, kama isolusini 50 kugeuka valini, hutokea kwenye ncha zilezile za vifuniko.