Siku yangu kazini: kukimbizana na milisekunde kiwandani

Saa moja na nusu asubuhi nshafika getini, kiwanda cha vipuri vya magari kusini mwa Ujerumani, baridi ya kufa mtu. Napanga mtandao wa 5G wa kiwanda chenyewe, huku tangu 2019 kampuni inaweza kuomba masafa yake ya redio, 3.7 hadi 3.8 GHz, bila kupitia kampuni ya simu. Ndugu zangu Tanga wakisikia 5G swali ni lilelile, spidi ngapi? Mi spidi wala hainisumbui! Roboti ya kubeba mizigo inatuma kaujumbe kadogo tu, ila kakichelewa inajisimamisha na laini nzima ya uzalishaji inaisubiri.

Saa tatu nazunguka na kipimo. Wastani safi kabisa, ila wastani siuangalii, naangalia ile mijumbe michache iliyochelewa kuliko yote, na imejaa nyuma ya mashine za kupiga bati, chuma chote kile kinaziba mawimbi. Tutafunga antena upande wa pili, ujumbe upite njia mbili kwa mpigo, wa kwanza kufika ndo huohuo.

Saa tano ndo penye uhondo. Fremu yetu, yani ratiba ya nani arushe lini, ina vipande vitano vya nusu milisekunde (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), vitatu kushusha toka antena kwenda kwa roboti, kimoja cha mpito, kimoja tu kupandisha toka kwa roboti, yani imepangwa kwa watu wa kuangalia video jamani. Roboti ikikosa kipande chake inangoja duru nzima, tena ilikuwa inaomba ruhusa kwanza ndo itume, duru nyingine hiyo. Tumeipa ruhusa ya kudumu, itume tu. Kubadili fremu ingekuwa bora zaidi ila mtandao wa jirani ukirusha wakati we unasikiliza, husikii kitu.

Saa saba viazi, kama kawa.

Saa nane kikao, watu wa IT wanataka seva ya roboti ikae kilomita 400 huko, wameisoma ile milisekunde 1 ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wakasahau ni ya upande wa redio tu, kati ya roboti na antena. Mwanga kwenye faiba unaenda kama kilomita 200 kwa milisekunde, kwenda na kurudi tayari 4. Seva inabaki kiwandani.

Saa kumi naanzisha jaribio la asilimia 99.999. Hapo inaruhusiwa kupotea au kuchelewa paketi (yani kaujumbe) 1 kati ya 100,000, kwahiyo ukipima elfu kumi ukashangilia umejidanganya. Paketi 100 kwa sekunde, naiacha mpaka asubuhi, zitafika milioni kadhaa.