Jinsi nilivyoachana na maumivu ya kichwa ya pasi ya mkaa

Huku Njombe, kwa baridi ya Juni na Julai, nani anashona na mlango wazi? Nilikuwa nafunga madirisha, pasi ya mkaa pembeni ya cherehani, na ikifika saa kumi kichwa kinagonga, kizunguzungu juu. Nikitoka kuanua nguo, ahueni. Nikirudi ndani, yaleyale. Hapo nikajua si macho wala uchovu, ni mkaa. Ukiungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Usidanganywe na kukosekana kwa moshi: hata mkaa ulioshika vizuri, mwekundu kabisa, unaitoa.

Sasa pasi inakaa barazani juu ya tofali, na meza yake hukohuko. Nakusanya kola na pindo, napiga kwa mkupuo mmoja badala ya kuinuka kila mshono. Majivu nayapulizia mbali na nguo, maana cheche moja kwenye satini hutoboa papo hapo. Ndani navaa sweta na soksi nzito, dirisha nimeliacha wazi kidogo. Baridi ipo, tena ya kutosha. Kichwa kimetulia, na fundi jirani naye amehamishia pasi yake nje.