Siku moja maishani mwangu: kamera za ulinzi zilizonyamaza, kutoka Tabata hadi Kigamboni

Saa 11:20 alfajiri

Simu imeita mara mbili kabla sijanawa uso. Ni kijana anayefanya kazi Muscat, ambako saa yao iko moja mbele ya yetu. "Dada fundi, nisamehe kwa kukuamsha. Nyumbani kwa mama sioni kitu tangu jana jioni. Programu inaandika kifaa hakipo mtandaoni, na mama hapokei simu."

Hofu yake naijua. Mtu uko ng'ambo, dirisha lako la nyumbani ni simu, halafu dirisha linafungwa. Nikamwambia mama huenda yuko kwenye swala, atapokea. Kisha nikamuuliza: kamera zote nne zimepotea pamoja au moja moja? Zote, dakika ile ile. Hapo nikapata nafuu, kwa sababu kamera nne haziharibiki kwa pamoja. Kilichokatika ni kile zinachokitegemea zote: umeme, ruta (kile kifaa kinachosambaza waifai nyumbani) au intaneti. Nikamsihi asiifute programu wala asimwambie dada wa kazi abonyeze kile kitufe kidogo cha kurisiti. Watu wengi wanaanzia hapo, na wanajiongezea kazi, maana kamera ikisharisitiwa inasahau kila kitu na inabidi uisajili upya.

Dakika kumi baadaye akatuma ujumbe: mama amepokea, mzima.

Saa 2:10 asubuhi, Tabata

Nimetoka Kimara kwa mwendokasi, nikashuka Ubungo na kuunganisha daladala ya Segerea. Getini nimeinua macho kwanza. Taa ya kamera inapepesa nyekundu, maana yake umeme unafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia, chai ipo. Huyo mtoto amekusumbua usiku?"

"Hajanisumbua mama. Jana alikuja mtu yeyote kugusa mambo ya intaneti?"

Walikuja vijana alasiri, wakabadilisha ruta. Mpya ipo juu ya kabati la televisheni, inang'aa, ina jina jingine la waifai na neno jingine la siri. Kamera zimekesha zikiita jina la ruta ya zamani, na hakuna wa kuitika.

Njia inayofundishwa ni kupanda ngazi, kurisiti kamera moja moja na kuzisajili upya. Mimi nafanya kinyume: naipa ruta mpya jina la zamani na neno la siri la zamani, herufi kwa herufi, kubwa kwa kubwa. Nayaandika kwenye daftari kwa kila nyumba ninayofunga, na leo daftari limenilipa. Kulikuwa na vikwazo viwili tu. Ruta mpya ilichanganya masafa mawili ya waifai, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, chini ya jina moja, na kamera za mama zinasikia 2.4 peke yake, kama zilivyo nyingi za nyumbani. Nikazitenganisha. Pia ulinzi wa waifai ulikuwa wa aina mpya, WPA3, ambao kamera za umri ule hazijui, nikaurudisha ule wa zamani, WPA2.

Nikanywa chai. Kikombe hakijafika nusu, ya getini ikatulia taa, ikafuata ya uani, kisha ya varanda. Ya nyuma ya nyumba ilichelewa kama dakika tatu, moyo ukanidunda kidogo, nayo ikaja.

Simu ya mama ikalia. "Mama, nakuona! Umeshika birika." Mama akaangalia kamera ya varanda, akaliinua birika juu kidogo ili mwanawe alione vizuri.

Kabla ya kuaga nilimwonyesha yule kijana jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Alirudi nyuma kwenye rekodi za usiku mzima, na zote zilikuwepo. Kamera zile zina memori kadi, na kadi hairekodi kwa intaneti. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, nilipigiwa simu na watu waliodhani wameshaibiwa, kumbe kamera zao zilikuwa zinaendelea na kazi kimya kimya.

Saa 5:00, Kariakoo

Nanunua adapta mbili za volti 12, ampea 2. Nazipima kwanza uzito kwa mkono. Adapta nyepesi kama ganda la yai haina ampea 2 hata kama kibandiko kimeandikwa 5. Muuza duka ananijua, anaichomeka na kuifunga kamera mbele yangu.

Nikiwa pale, mteja wa Sinza akapiga: programu inafunguka, picha zipo, ila taarifa za mtu kupita haziji tena. Simu mpya? Ndiyo, ya wiki iliyopita. Basi ni simu inayozibana programu ili kuokoa betri. Nikamwelekeza aingie kwenye mipangilio, aiachie programu ifanye kazi bila kizuizi, na aruhusu taarifa zake. Akamtuma mwanawe apite mbele ya mlango. Ikalia.

Saa 6:40 mchana, Ilala

Hii ndiyo iliyonikaa moyoni. Dada mmoja anaishi na wanawe wawili wadogo, ana kamera ya sebuleni na ya mlangoni. Wiki iliyopita alibadilisha simu, akapakua programu upya, akaskani kodi ya QR iliyo chini ya kamera. Jibu: kifaa hiki kimesajiliwa kwenye akaunti nyingine. Akarisiti mara tatu. Jibu lile lile.

Kurisiti hakusaidii, kwa sababu umiliki hautunzwi ndani ya kamera, unatunzwa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni iliyotengeneza kamera, umefungwa na namba ya kifaa. Nikamuuliza nani alizifunga. Fundi mmoja, miaka miwili iliyopita. Alitumia barua pepe ya nani?

Akanyamaza. "Aliniambia nisihangaike, atatumia ya kwake, kisha atanigawia."

Kwa hiyo miaka miwili yule fundi alikuwa mwenye kamera, na dada alikuwa mgeni. Sebule ile, watoto wakicheza na wakilala kwenye kochi, ilikuwa ndani ya simu ya mwanaume asiye wa nyumba hiyo. Tulimpigia. Alipokea, akaomba radhi, akaziachia zote mbili hapo hapo. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ni mazoea ya kazi yetu, ya kutaka kumaliza haraka. Lakini mazoea haya ni mabaya na nayapinga kila ninapokutana na wenzangu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na picha ya mtu ndani ya nyumba yake ni taarifa yake.

Nilimfungulia akaunti kwa barua pepe yake. Neno la siri alilichapa mwenyewe, mimi nimegeukia dirishani. Tukawasha uthibitisho wa hatua mbili, ili neno la siri peke yake lisitoshe kuingia, kisha tukafungua orodha ya waliogawiwa kamera. Ilikuwa tupu. Alivuta pumzi ndefu, akaifunga simu, akaifungua tena kuangalia orodha ile ile.

Saa 10:15 jioni, Kigamboni

Pantoni ilijaa, nilisimama upande wa upepo. Mzee ninayemwendea ameshaletewa mafundi wawili kwa shida moja: programu inaonyesha picha mchana kutwa, jua likizama kamera inapotea, asubuhi inarudi. Mmoja alimuuzia bando kubwa zaidi. Mwingine alibadilisha ruta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti yangu. Wenzako walikuja mchana wakaniambia imepona."

Nikapanda ngazi na mita ya kupimia umeme. Volti 12.1. Kisha nikaziba uso wa kamera kwa kiganja ili idhani kumeingia kiza. Ikafanya *tik* ndogo ndani, taa zake za kuonea gizani zikawaka, volti zikashuka hadi 9, kamera ikazima. Nikaondoa kiganja, ikawaka. Mchana kamera inakula umeme kidogo. Usiku taa zile zinataka zaidi, na adapta iliyochoka haiwezi. Nikaifungua mbele ya mzee: kapasita moja, kile kikopo kidogo kinachotuliza umeme, imevimba kichwa kama andazi, na ncha za plagi zimeota ukijani wa chumvi ya bahari. Nikafunga adapta mpya, nikakata ncha na kuweka nyingine, nikaizungushia utepe na kuiweka ndani ya kisanduku.

Nikaziba tena kwa kiganja. *Tik*. Volti 11.9, na zikakaa hapo.

Lakini mzee ameshaambiwa "imepona" mara mbili, na mara zote ilikuwa mchana. Nikamwambia nitangoja giza. Akaagiza mkeka na mihogo ya kukaanga.

Saa 12:50 jioni

Adhana imeshapita. Mzee ameegemeza simu kwenye kikombe. Rangi za picha zikafifia, ile *tik* ikasikika hadi mkekani, picha ikageuka kijivu. Ukuta upo. Geti lipo. Mwembe upo, na paka anapita chini yake, macho yake yanawaka.

"Ngoja kwanza," mzee akasema, ingawa sikuwa nimeinuka.

Tukangoja hadi saa 1:20. Paka akarudi.