Siku 42 za vidonge, yote kwa sababu ya mbuzi mmoja

Mbuzi wangu alitupa mimba usiku, ikiwa imebaki kama mwezi mmoja azae. Nilimvuta mwanambuzi, keshakufa, kwa mikono mitupu, nikatoa na kondo la nyuma lililokwama, nikanawa, nikalala. Kidole gumba kilikuwa na mchubuko wa waya wa uzio. Wala sikuufikiria.

Wiki ya tatu homa ikaanza. Asubuhi mzima kabisa, jioni baridi, usiku jasho la kukamua shuka. Kiuno kiliuma kama nimeshinda nikibeba magunia. Nikapima malaria, hakuna. Nikaambiwa taifodi, nikapewa dawa za siku tano. Homa ikatulia, ikarudi. Ubaya ni kwamba kila nikifika kwa daktari asubuhi joto halina neno, mpaka nami nikaanza kujishuku kuwa najidekeza.

Daktari wa tatu ndiye aliyeuliza, "Unafuga nini?" Nikamtajia mbuzi.

"Maziwa unachemsha?"

Nachemsha.

"Na yule aliyetupa mimba, ulimshika na nini?"

Nikamwonyesha viganja. Akaweka kalamu chini.

Kipimo cha damu kikaonyesha bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Homa hii iliwatesa askari wa Uingereza kule Malta. Daktari wa jeshi hilo, David Bruce, alitangaza kuwagundua bakteria wake mwaka 1887, lakini mpaka 1905 ndipo Themistocles Zammit, daktari wa Malta, alipogundua kuwa chanzo ni mbuzi, tena mbuzi wanaoonekana wazima.

Dozi ilikuwa doksisaiklini mara mbili kwa siku pamoja na rifampisini kila asubuhi, wiki 6. Nilipolalamika, daktari alinieleza kwamba bakteria hawa hujificha ndani ya seli zilezile zinazotakiwa kuwameza, kwa hiyo dawa moja haitoshi na siku chache hazitoshi. Ukikatiza, wanarudi.

Kazi ilikuja siku ya kumi na moja. Homa imekwisha, nakula vizuri, na bado siku 31 mbele yangu! Nilichora visanduku 42 nyuma ya mlango wa chumba na kila usiku nikawa nakata kimoja kwa mkaa. Utoto, najua, ila visanduku vitupu vilinisuta kuliko daktari. Rifampisini niliimeza kabla ya kula kitu. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, na siku ya kwanza nilikaribia kupiga kelele kwa kuwa hakuna aliyenionya. Doksisaiklini sikuichanganya na maziwa, maana yanapunguza nguvu yake. Usiku mmoja niliimeza kwa funda moja la maji nikajilaza papo hapo. Kifua kikaniwaka siku mbili, kila tonge likipita nalisikia. Baada ya hapo ilikuwa glasi nzima, na nusu saa nimekaa wima.

Daktari wa mifugo alipima mbuzi wote tisa. Wawili walikutwa na ugonjwa, akiwemo yule, tukawaondoa zizini. Banda tukalisafisha kwa dawa ya kuua vijidudu.

Kiuno kilikuja kuniachia miezi mitatu baada ya kisanduku cha mwisho. Majuzi mbuzi mwingine kazaa, salama. Nilivaa glavu mpaka kwenye kiwiko, kondo nikalifukia kwenye shimo refu na chokaa juu yake, naye mama mtu akawa ananitazama kama mgeni.