Shamba la mama mdogo

Leo tumechimba viazi kwa mama mdogo, huku Makete, mkoani Njombe, na baridi ya Juni imetupiga hadi mifupani. Ukiacha vijana wa kubeba magunia, wachimbaji wote tulikuwa wanawake. Hakuna aliyeshangaa.

Wanaume wa huku walianza kuondoka zamani. Enzi za bibi walifuata mkonge Tanga, baadaye chai Mufindi, wengine biashara Mbeya na Dar es Salaam. Kisha ukaja Ukimwi. Ulimchukua baba mdogo, ukachukua na kaka zake. Utafiti wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe wana VVU; kitaifa ilikuwa 5.1. Dawa za bure zilianza kutolewa 2004. Wetu walikuwa wameshazikwa.

Watu husifu uvumilivu wa wajane, na sifa hizo zinanichoma. Ni kweli, mama mdogo alilea wanawe na wa shemeji zake, akapanda paani kupigilia bati mwenyewe, akabishana na madalali wa lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, mpaka wakamwogopa. Lakini angewalea kwa kitu gani bila shamba?

Matanga yalipoisha, ukweni walimtaka arithiwe au arudi kwao. Akakataa yote mawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, ila mbele ya wazee wa ukoo hakuna aliyeitaja. Alikwenda baraza la ardhi la kijiji, wajane wenzake wakaenda kukaa naye. Aliporudi akapanda mipaini mpakani kote, maana huku aliyepanda miti ndiye mwenye ardhi. Wenzake nao wakapanda. Mbao za kwanza ndizo zilizowasomesha binamu zangu.

Rafiki yake wa ng'ambo ya bonde alinyang'anywa shamba. Akaenda Mbeya kuuza maandazi, watoto wakagawanywa kwa ndugu. Mama mdogo mwenyewe husema yule alikuwa mchapakazi kumzidi.

Wakati tunafunga magunia nimemuuliza habari za hati ya hakimiliki ya kimila. Fomu iko kwa mtendaji wa kijiji, kasema, na ameandikisha majina mawili: lake na la binti yake mkubwa.